Pesa za Watoto Wetu Ziko Wapi?

Swali hili huulizwa kila mwaka, na mara zote huulizwa pembeni, mkutano ukishakwisha, watu wakingojea lifti ya kurudi nyumbani. Wazazi wa Kikongo katika shule ya msingi ninakofanya kazi, hapa Kentucky, wamesikia kwamba serikali ya Marekani inatoa pesa kwa ajili ya watoto wao. Wamesikia kanisani, wamesikia kwenye kundi la WhatsApp, wengine wameambiwa na jamaa aliye Texas kwamba kila mtoto wa mkimbizi ana fungu lake. Halafu wanatazama nyumbani: hakuna bahasha iliyoletwa, hakuna sare, viatu ni vilevile vya mtumba. Mtu aliyeishi miaka mingi Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania, akipanga foleni ya mgao wa unga hahitaji kufundishwa hesabu ya namna hiyo. Pesa zimekuja, wakubwa wamezila.

Mimi ni mtu wa katikati. Ofisini cheo changu ni mratibu wa familia; wazazi wananiita dada wa masomo. Napiga simu mtoto asipofika, natafsiri barua, nakaa kwenye vikao vya mwalimu na mzazi, naeleza mambo ambayo hata baadhi ya walimu hawayaelewi sawasawa, likiwemo hili la pesa. Msomaji apime maneno yangu akijua kwamba sehemu ya mshahara wangu inatoka kwenye fungu hilohilo. Kwa hiyo ukiniuliza pesa ziko wapi, jibu la haraka ni kwamba nyingine zimesimama mbele yako zinaongea Kiswahili. Jibu refu ni hili.

Fungu lenyewe linaitwa Title I, pesa za serikali kuu kwa shule zenye watoto maskini. Limo ndani ya Sheria ya Elimu ya Msingi na Sekondari ambayo Rais Lyndon B. Johnson aliitia saini tarehe 11 Aprili 1965. Hakuitia saini Ikulu. Alikwenda kwao Texas, karibu na Stonewall, kwenye shule ya chumba kimoja aliyosoma utotoni, akamketisha kando yake mwalimu wake wa kwanza, Kathryn Deadrich Loney, ndipo akashika kalamu. Wanasiasa wanajua kupanga picha, na Johnson alikuwa fundi wa mambo hayo. Lakini umaskini wa darasani aliwahi kuuona kwa macho yake. Mwaka 1928, kabla hajamaliza chuo, alifundisha Cotulla, kusini mwa Texas, katika shule ya watoto wa Kimeksiko. Miaka 37 baadaye, akiwa rais, alisimama mbele ya Bunge akasimulia jinsi watoto wale walivyokuwa wakija darasani na njaa.

Ili kuelewa kwa nini Washington iliingia, lazima ujue jambo ambalo wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki hulishangaa sana: shule za umma za Marekani haziendeshwi na serikali kuu. Sehemu kubwa ya pesa hutoka kwa jimbo na kwa kodi ya ardhi na majengo inayokusanywa na wilaya ya shule yenyewe. Wilaya ya majumba makubwa ina kisima kirefu. Wilaya ya vyumba vya kupanga na maghala ina kisima kifupi. Majimbo hujaribu kusawazisha, mengine kwa dhati na mengine kwa kutimiza wajibu tu, na Washington huongeza kidogo juu yake. Katika miaka ya kawaida mchango wa serikali kuu kwa shule za msingi na sekondari huwa kama sehemu moja ya kumi ya matumizi yote, wakati mwingine pungufu. Hapo ndipo uvumi wa WhatsApp unapoanza kulegea. Pesa ipo, ila si mlima.

Mimi nimezaliwa na kusoma Kasulu, kwa hiyo kichwani mwangu ruzuku ya shule ni kitu cha kuhesabu vichwa. Tanzania ilipoanza elimu bila malipo mwaka 2016, shule ya msingi ilipangiwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 6,000 zikienda shuleni na 4,000 zikibaki juu kwa ajili ya vitabu. Mtoto wa Masaki kwa matajiri na mtoto wa Kakonko kijijini wote ni 10,000. Title I inakwenda kinyume na hapo: kichwa peke yake hakitoshi, kinachohesabiwa ni umaskini. Kwa maoni yangu wazo hilo ni zuri kuliko la kwetu. Utekelezaji wake ni habari nyingine.

Safari ya pesa huanza bungeni Washington, ambako miaka ya karibuni zimekuwa zikipitishwa dola bilioni 18 na ushei kwa mwaka. Ofisi ya Sensa hukadiria kila wilaya ya shule ina watoto wangapi wa miaka 5 hadi 17 walio katika kaya maskini. Makadirio hayo huingizwa kwenye kanuni nne za hesabu, kila moja na masharti yake. Ya kwanza ina mlango mpana: wilaya yenye watoto maskini wasiopungua 10, ambao ni zaidi ya asilimia 2 ya watoto wake, inapita. Ndiyo maana karibu kila wilaya nchini hupata chochote, na zaidi ya nusu ya shule zote za umma zimo. Wabunge hupenda mpango ambao kila mmoja wao anaweza kurudi nao nyumbani, na gharama yake ni kwamba pesa ya maskini inapakwa nyembamba kama siagi ya wageni wengi.

Kanuni hizo zina kasoro nyingine ambayo haielezeki kwa mzazi bila aibu. Zinazingatia jimbo lenyewe linatumia kiasi gani kwa kila mwanafunzi, hivyo jimbo linalotumia nyingi kwa shule zake huongezewa. Majimbo madogo nayo yana kima cha chini ambacho hayawezi kushuka chini yake. Matokeo yake, kwa mgao wa mwaka 2015, mtoto maskini wa Vermont aliletewa zaidi ya dola 2,500 na mtoto maskini wa Idaho aliletewa chini ya 1,000. Umaskini ni uleule, njaa ni ileile, na Idaho nako kuna wakimbizi wa Kikongo tele.

Pesa zikifika wilayani, kuna kupanga foleni upya. Wilaya huziorodhesha shule zake kwa kiwango cha umaskini, kutoka juu kwenda chini. Shule zenye zaidi ya asilimia 75 ya wanafunzi maskini lazima zihudumiwe kwanza. Zinazofuata hutegemea pesa iliyobaki na uamuzi wa wilaya. Shule ikifikisha asilimia 40 inaruhusiwa kuendesha mpango wa shule nzima, maana yake pesa inaweza kumsaidia mtoto yeyote aliyemo. Chini ya hapo, kwa kawaida, lazima iandike majina ya watoto walio nyuma zaidi na kuwahudumia hao tu. Yetu ni ya mpango wa shule nzima, na imevuka kiwango hicho kwa mbali.

Sasa ingia ndani uone kilichonunuliwa. Wageni hutazama kompyuta kwanza, kwa sababu zina kibandiko chenye maneno Title I na namba. Kibandiko ni cha wakaguzi, maana kila kifaa kilichonunuliwa kwa pesa ya Washington lazima kijulikane kiko chumba gani. Projekta moja iliwahi kuhamishiwa ukumbini na mwalimu mmoja asiye na habari, ikatafutwa siku mbili kama mtoto aliyepotea sokoni. Lakini vifaa ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa kabisa ya pesa inakwenda kwenye mishahara. Shuleni kwetu imeleta mwalimu wa kusoma, walimu wasaidizi wa madarasa ya chini, na mimi kwa sehemu.

Mwalimu wa kusoma hana darasa lake. Ana chumba kidogo chenye meza iliyopinda nusu duara: yeye anakaa upande wa ndani, watoto wanne au watano upande wa nje, kila mmoja na kibao chake cheupe na soksi kuukuu ya kufutia. Nusu saa, kundi linatoka, lingine linaingia. Kila baada ya wiki chache anawapima, na anayefika kiwango anarudi darasani kwake moja kwa moja, nafasi yake anachukua mwingine.

Siku moja aliniita nisikilize. Mtoto wa darasa la tatu, mvulana, amekuja kutoka Nyarugusu na bibi yake, alikuwa akisoma orodha ya maneno. Kwenye "like" akasoma li-ke, silabi mbili safi. Kwenye "name" akasoma na-me. Alipofika "knife" alisita, akavuta pumzi, akasoma ki-ni-fe. Wenzake wakacheka. Mwalimu aliandika kwenye fomu yake kwamba mtoto hajui uhusiano wa herufi na sauti. Nikamwambia ngoja kwanza. Nikachukua kitabu cha nyimbo cha Kiswahili kilichokuwa kwenye mkoba wangu, nikampa mtoto ukurasa. Akasoma ubeti mzima bila kukwama, kwa ile sauti ya kuimba ya mtoto aliyefundishwa ba be bi bo bu na bibi yake kwa Biblia. Mwalimu alikaa kimya kidogo, akafuta alichokiandika.

Ile fomu ingeachwa, mtoto angeanzishwa upya kwenye herufi kama vile hajawahi kuona kitabu. Badala yake alifundishwa kitu kimoja tu anachokikosa, kwamba Kiingereza ni lugha isiyo mwaminifu kwa herufi zake, na kwamba e ya mwisho mara nyingi ipo kama mgeni asiyeongea. Hapo ndipo ninapoweza kuwaambia wazazi pesa ilikwenda wapi. Ilinunua nusu saa ya mwalimu mwenye ujuzi, na watoto watano badala ya 26. Nusu saa hiyo haiwezi kutiwa kwenye bahasha ikapelekwa nyumbani.

Walimu wasaidizi nao wana hadithi yao. Sheria inataka msaidizi wa kufundisha katika shule ya Title I awe na cheti cha kumaliza sekondari, na juu yake awe amesoma chuo walau miaka miwili, au awe na shahada ndogo, au afaulu mtihani unaopima kusoma, kuandika na hesabu na namna ya kuyafundisha. Kina mama kadhaa niwajuao walikuwa walimu Uvira na Fizi, mashariki mwa Kongo, leo wanafunga maboksi kwenye ghala usiku. Njia ya mtihani ipo wazi kwao kuliko wanavyodhani, ilimradi cheti cha sekondari kitafsiriwe na kutambuliwa. Mmoja ameufaulu, na siku hizi ndiye anayewapokea watoto wa chekechea asubuhi. Mtoto akilia kwa Kibembe, anajibiwa kwa Kibembe.

Kuna mpaka mmoja ambao wazazi wakiuelewa, nusu ya malalamiko hupungua na nusu nyingine hupata nguvu. Pesa ya Washington inatakiwa iwe nyongeza. Haitakiwi kulipia kile ambacho wilaya ingelazimika kukilipia hata kama Title I isingekuwepo. Sharti hilo halikutoka hewani. Mwaka 1969, miaka minne tu baada ya sheria, wanasheria wa haki za raia walitoa ripoti iliyoonyesha wilaya zikitumia fungu la watoto maskini kwa gharama za kawaida za shule zote, maskini na wasio maskini. Kwa hiyo wazazi wangu hawakuwa wa kwanza kushuku kwamba pesa imeliwa. Waliotangulia kushuku walikuwa na nyaraka, na ndipo kanuni zikakazwa.

Ukiushika mpaka huo unaelewa mengine. Kumfundisha Kiingereza mtoto asiyekijua ni wajibu wa wilaya. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 1974 katika kesi ya watoto wa Kichina wa San Francisco, iitwayo Lau v. Nichols. Kumpa mzazi mkalimani kwenye kikao cha nidhamu au cha mtoto mwenye ulemavu ni wajibu pia. Fungu lingine dogo, Title III, la watoto wanaojifunza Kiingereza, linaongezea juu ya huo wajibu. Basi shule yoyote ikikuambia haina mkalimani kwa sababu pesa za serikali kuu zimekwisha, hilo si jibu. Mwite msimamizi wa wilaya. Mtoto wako wa miaka tisa asikutafsirie kesi yake mwenyewe. Nimeona yakitokea, na tafsiri zake huwa na huruma nyingi sana kwake.

Nije kwenye chakula, maana bila chakula foleni yote niliyoieleza haipangiki. Marekani imekuwa na chakula cha mchana cha shule kwa sheria tangu 1946. Zamani kila familia ilijaza fomu ya kipato, na idadi ya watoto waliopita ndiyo iliyotumiwa kuonyesha shule ni maskini kiasi gani. Siku hizi shule nyingi kama yetu ziko kwenye mpango ambao watoto wote wanakula bure asubuhi na mchana bila fomu, mradi robo au zaidi ya wanafunzi wanatambulika tayari kupitia misaada mingine ya serikali kama stempu za chakula. Hadi 2023 sharti lilikuwa asilimia 40. Ni baraka: hakuna mtoto anayeonekana kwa trei yake kwamba kwao hakuna kitu.

Lakini fomu ilipoondoka, kipimo nacho kilibadilika. Baba akifanya saa za ziada ghalani miezi mitatu, stempu zinakatwa, na kwenye karatasi mtoto wake si maskini tena. Kodi ya nyumba haijapungua, watoto ni saba, gari linadaiwa. Baadhi ya wilaya bado hutuma karatasi ya kipato kwa hiari ili kuziba pengo, na karatasi hiyo ndiyo inayokwenda jaa la taka haraka kuliko zote, kwa sababu mzazi anaona chakula tayari ni bure, ajaze ya nini? Nimechoka kuieleza lakini nitaieleza tena: ile karatasi haikuombi kitu na haikupi kitu wewe binafsi. Inahesabu mahali pa shule kwenye foleni. Wazazi 40 wakiitupa, shule inaweza kushuka ngazi, na mwalimu wa kusoma akaonekana ni wa anasa.

Kuna karatasi nyingine ambayo tatizo lake ni kinyume. Hiyo wanaiogopa. Kila shule ya Title I inatakiwa kuandika mapatano kati ya shule na wazazi: mwalimu atafanya hiki, mzazi atafanya hiki, mtoto atafanya hiki. Shule nyingi huweka mstari wa saini chini. Mwaka wangu wa kwanza mama mmoja alikuja nayo imekunjwa mara nne, akaiweka mezani bila kuigusa tena.

"Dada, iyi ni deni?"

Nikacheka, na haraka nikajutia kicheko changu. Alikuwa na haki zote. Wakimbizi wanaokuja Marekani husafirishwa kwa nauli ya mkopo. Wanatia saini kabla ya kupanda ndege, na miezi kama sita baada ya kufika, barua za malipo zinaanza. Hauna riba, lakini familia ya watu wanane inaanza maisha mapya ikidaiwa maelfu ya dola. Karatasi ya mwisho aliyotia saini bila kuielewa ilimletea bili. Sasa shule inamletea nyingine, ina nembo, ina mstari. Tulikaa tukaisoma yote. Alipofika pale panaposema mzazi atahakikisha mtoto anasoma dakika 20 kila jioni, aliuliza yeye asiyejua kusoma atahakikisha vipi. Nikaipeleka hoja hiyo kwa mwalimu mkuu, na toleo la mwaka uliofuata liliongeza kwamba mtoto anaweza kumsimulia mzazi hadithi kwa lugha ya nyumbani.

Jambo la wenye makazi ya kubanana nalo lazima niliseme, hata kama litanitoa njiani kidogo. Wilaya inayopokea Title I inatakiwa kutenga kiasi kwa ajili ya watoto wasio na makazi ya kudumu, na sheria ya mwaka 1987 iitwayo McKinney-Vento, kama ilivyorekebishwa, inawahesabu humo hata watoto wa familia zilizoingia kwa jamaa baada ya kushindwa kodi. Familia mbili kwenye vyumba viwili, godoro sebuleni: hao wanahesabika. Mtoto ana haki ya kubaki shule yake ya awali hata kama wamehamia upande wa pili wa mji, na usafiri ni juu ya wilaya. Wazazi hawapendi kabisa kuandikishwa hivyo. "Mimi nina pa kulala, niko kwa shemeji." Nawaelewa; kwetu mtu aliye kwa shemeji yuko kwa ndugu. Ila basi la shule halijui ushemeji, linajua orodha.

Pesa pia iliwahi kuja na fimbo. Sheria ya 1965 ilifanyiwa marekebisho makubwa na George W. Bush aliyoyatia saini Januari 2002: mtihani wa kusoma na hesabu kila mwaka kuanzia darasa la tatu hadi la nane, na lengo kwamba kufikia 2014 watoto wote wawe wamefika kiwango. Wote. Mtu yeyote aliyewahi kushika chaki angewaambia. Mwezi Desemba 2015 Barack Obama alitia saini sheria iliyolegeza adhabu, mitihani ikabaki. Mimi mitihani ile siipendi. Mtoto aliyefika Januari anaweza kusamehewa ule wa kusoma kwa mara moja, lakini wa hesabu anaukalia, na hesabu za siku hizi ni aya nzima ya Kiingereza kabla hujaona namba. Hata hivyo nakiri jambo moja kwa upande wao: kabla ya kulazimishwa kutoa matokeo kwa makundi, shule ingeweza kuwa na wastani mzuri huku watoto wa wageni wakiozea kwenye kiti cha nyuma, na asijue mtu.

Tangu Korona tumejifunza pia kwamba pesa ya Washington inaweza kuja kama mafuriko na kuondoka hivyohivyo. Kati ya Machi 2020 na Machi 2021 Bunge lilipitisha awamu tatu za msaada kwa shule, jumla karibu dola bilioni 190, zikigawiwa kwa kufuata mgao wa Title I. Tulipata walimu wa ziada na masomo ya jioni. Mwisho wa kuzipangia matumizi zile za mwisho ulikuwa 30 Septemba 2024, na watu wale wazuri wakaaga mmoja mmoja. Julai 2025 serikali ikazuia zaidi ya dola bilioni 6 za mafungu mengine, Title III likiwemo, ambazo kwa kawaida huanza kutoka tarehe 1 ya mwezi huo. Mwezi ulipokaribia kwisha ikaziachia. Fungu letu hili la shule za watoto maskini halikuguswa safari ile. Lakini Machi mwaka huohuo Rais Donald Trump alikuwa ametia saini amri ya kuanza kuifunga Wizara ya Elimu yenyewe, na ofisini kwetu hakuna tena anayepanga bajeti ya mwakani kwa sauti ya kujiamini.

Kwa hiyo ninapojibiwa na wazazi kwamba "basi hizo pesa ni kidogo", nakubali. Ni kidogo, zinagawiwa vibaya baina ya majimbo, na haziwezi kufidia kisima kifupi cha wilaya maskini. Ninachokataa ni kwamba hazina mwenyewe. Wilaya inayopata zaidi ya dola 500,000 lazima itenge walau asilimia 1 kwa ajili ya kushirikisha wazazi, na sehemu tisa katika kumi za hiyo ziende shuleni. Sheria inataka wazazi washauriwe zitumike vipi. Inaruhusu zilipie nauli ya mzazi kuja mkutanoni na mtu wa kumwangalizia watoto. Inataka mikutano iwekwe saa tofauti ili watu wafike. Inampa mzazi haki ya kuuliza sifa za mwalimu wa mtoto wake, na shule inatakiwa imjulishe mtoto akifundishwa wiki nne au zaidi mfululizo na mwalimu asiyetimiza masharti ya jimbo. Kwa miaka kadhaa shuleni kwetu asilimia hiyo 1 ilikuwa ikiishia kwenye pitsa na kalamu zenye jina la shule.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, wazazi 11 wa Kikongo walikuja kwenye kikao cha kupanga matumizi. Hawakuzungumza pembeni. Baba mmoja aliuliza swali lake la siku zote mbele ya mwalimu mkuu, mimi nikitafsiri neno kwa neno, pamoja na lile la wakubwa kula. Mwalimu mkuu hakukasirika. Alifungua jedwali la bajeti ukutani akaonyesha mstari kwa mstari. Wakaomba vitu vitatu. Pitsa iondolewe. Mkutano wa saa kumi na moja jioni uwe na mwenzake wa asubuhi, kwa sababu nusu yao wanaingia zamu ya pili. Na mwalimu wa kusoma awafundishe wao jinsi ya kumsaidia mtoto nyumbani. Viwili vya kwanza vilikubaliwa palepale. Cha tatu kilichukua hadi Agosti, kwa sababu saa za mwalimu zilikuwa zimekwishapangwa.

Kentucky ina kitu kingine ambacho majimbo mengi hayana: tangu mageuzi ya 1990, shule ina baraza lake lenye walimu watatu, wazazi wawili na mwalimu mkuu, na ikiwa asilimia 8 au zaidi ya wanafunzi ni wa makundi ya wachache na baraza halina mtu wao, lazima aongezwe. Wazazi huchaguliwa na wazazi wenzao. Shuleni kwetu fomu zinatoka Aprili, uchaguzi ni Mei. Yule baba amechukua namba yangu ya simu.